Kitendawili cha Mshika Kamba

Wa kulaumiwa ni makande, au ukipenda, ukaidi wa Nakijwa mwenyewe. Jua la saa saba linachoma, wenzake wawili wamekwisha shiba na kutafuta kivuli, na yeye amesimama chini ya jabali, huku milima ya Upare imemzunguka, akimshikia kamba mdogo wake Senzota anayepanda juu kabisa. Senzota akiteleza, ni mkono wa Nakijwa tu utakaomzuia. Shemeji, nikupokee? anauliza Elinami, mmoja wa wale wawili, tangu alfajiri hujapumzika, na makande yale yanataka mtu atandikiwe mkeka. Nakijwa anasonya. Kamba ya mdogo wangu simpi mtu, nenda kalale wewe. Elinami anacheka na kwenda zake, na Nakijwa anaegemeza kisogo kwenye jiwe, anafumba macho kidogo tu, na jiwe linafunguka.

Yuko njiani, kamba bado mkononi, na njia inapanda na kupanda kisha inamrudisha pale pale alipoanzia. Juu yake miji inaning'inia kichwa chini, mapaa yakimwelekea, kana kwamba anaitazama ndani ya maji. Mbele yake amesimama mtu asiye na uso. Kitendawili, anasema yule mtu. Tega, anajibu Nakijwa kwa mazoea. Ninaye mmoja, nikilala anakufa. Nakijwa analijua jibu, limemkaa kooni, lakini kulitamka ni kukiri kwamba amelala, na mshika kamba halali. Sijui, anasema. Basi nipe mji. Hilo nalo ni la kawaida, asiyejua hutoa mji, ndivyo walivyocheza jikoni kwa bibi, na hakuna mji uliowahi kudhurika. Nakupa Hedaru, anasema, na Hedaru inapasuka. Kuta zinawaangukia watu wakiwa mezani, wanaokimbia wanashikwa miguu na kubamizwa chini, na mwanamke mmoja anapita akipiga mayowe, mwiko mkononi, nusu ya kichwa chake haipo. Kitendawili, anasema yule mtu. Tega. Ninaye mmoja, nikilala anakufa. Sijui! Nipe mji. Nakupa Mwanga, na Mwanga inawaka hadi mawe yanalia. Nakupa Same, na Same inamwaga watu barabarani, wamejaa damu, nao wanamjua aliyewatoa. Ndiye huyu! Wanamwangusha, wanamponda vidole kwa mawe, achia kamba, muuaji, achia! Kidole kimoja kinavunjika, kisha cha pili, na kwa kila kidole kinachovunjika kamba inashtuka huko juu. Nakijwa anawang'ata, anawapiga mateke, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini haachii.

Kitendawili, anasema yule mtu, na safari hii umebakiwa na mji mmoja. Ni kweli. Kimebaki kijiji chao tu, na mlango wa jiko tayari uko wazi, mama yake anatoka na mchi wa kutwangia. Mwanangu, anasema mama, utanitoa na mimi? Mama, sijui jibu. Unalijua. Mama anaukanyaga mkono ulioshika kamba, anainua mchi juu ya kichwa. Sema, Nakijwa, au nikuvunje. Aibu inamkaba kuliko maumivu. Ni Senzota! anapiga kelele. Nimelala, mama, nimelala, na Senzota yuko juu! Mchi unashuka.

Jua linamchoma usoni. Amesimama palepale, Elinami anakoroma kivulini, kamba imekaza mikononi mwake, viganja vimechubuka vinatoka damu, lakini kamba imekaza. Machozi ya furaha yanamtoka. Juu, kwenye ukingo wa jabali, kuna mtu anayemchungulia, jua liko nyuma yake na uso wake hauonekani. Dada, anaita kwa sauti ya Senzota, ulilala? Nakijwa anamtupia jicho Elinami, anakumbuka maneno aliyomjibu, anajifuta machozi kwa bega. Sijalala, mdogo wangu, nilale na kamba yako mkononi? Kamba inaanza kulegea taratibu.

Haya, inasema sauti kutoka juu. Nipe mji.