Idi ya Ghorofa ya Tisa

Tangu Bi Ghalia alipopotea sokoni Woolwich wakati wa kiangazi, mwanawe Munir alimfungia ndani, ghorofa ya tisa, kila akienda kazini. Hata siku ya Idi Munir alimwachia mwanawe Suad ufunguo na amri: bibi asitoke.

Bi Ghalia alikaa mbele ya televisheni, kanga mpya mwilini, hana pa kuionyesha. Kwenye kioo alipita mla-sisimizi mkubwa wa Amerika ya Kusini, pua kama mrija, mkia kama ufagio.

"Hana hata jino moja, Bibi," Suad alimfasiria. "Anachomeka ulimi kwenye kichuguu, analamba sisimizi kidogo, kisha anakwenda kingine kabla hawajamng'ata."

"Mbona anatembelea Idi huyo? Sisi Pemba ndivyo tufanyavyo, tambi nyumba hii, kahawa nyumba ile. Na meno sina vilevile. Nifungulie nikaonje."

"Baba atanigombeza."

"Na huyo akiganda kwenye kichuguu kimoja?"

"Watamng'ata."

"Basi mimi nang'atwa tangu kiangazi, mjukuu wangu."

Suad alicheka, akautazama ufunguo. "Korido hii tu, Bibi. Kwenye lifti hatuingii."

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na Annonciata, Mkongo, mtu wa kanisani asiye na habari na Idi. Hata hivyo alileta wali na maharage, sahani imefurika. Bi Ghalia alionja vijiko viwili, akamwombea heri, akajitanda kanga yake na kuuliza jirani anayefuata anaitwa nani.