Mtani Aliyekalia Kaburi

Evance alikuwa na mguu mmoja na magongo mawili, na kwa hesabu hiyo, aliwaambia watu wa Kahama, yeye ndiye mwenye miguu mingi kuliko wote ukumbini. Watu walivunjika mbavu. Altaf, mwenye ukumbi, alimpa Jumamosi zote za mwezi, akawa anamsihi jambo moja tu: asimulie siku duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipotitia kule Runzewe, mguu ukabaki chini. "Hiyo ndiyo itakayokufikisha Dar," alimwambia. Evance alikuwa akigeuza maneno na kuomba soda. Ukimwona mtu anachekesha kilema chake hadharani, utasema huyu hana tena cha kuficha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwenye duara lile alikuwamo pia Herman, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Herman alizikwa Evance akiwa bado wodini, na kwa miaka sita iliyofuata Evance hakukanyaga kwa Mama Herman. Basi likipita Ushirombo, alikokaa mama huyo, alijifunika kofia usoni, yeye huyo aliyezoea kusimama mbele ya watu mia tatu! Alimwogopa yule mama kuliko alivyowahi kuogopa kifusi.

Mwaka huu mama akaleta salamu: analijengea kaburi la mwanawe, misa itasomwa, na mtani aje. Hapo Evance hakuwa na pa kukimbilia. Ukoo wake na ukoo wa Herman walikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani ndiye hukalia kaburi, akamsema marehemu apendavyo, akazuia kazi mpaka apewe anachodai. Herman alikuwa amezikwa bila mtani, kimya kimya kama mpita njia. Wito wa namna hiyo haukataliwi.

Padri alipomaliza na mafundi wakaanza kukoroga saruji, Evance alijitupa juu ya udongo wa kaburi, akalaza magongo yake pembeni.

"Hajengewi mtu hapa!" akafoka. "Mvivu huyu hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Leo mnampa nyumba ya saruji, kafanya kazi gani?"

Waombolezaji wakacheka, wengine huku wakifuta machozi. Ansgar, baba mdogo wa Herman, akaleta jogoo ili mtani aondoke. Evance akamkataa. Akaletewa beberu, akamkataa pia.

"Una tamaa, mtani," Ansgar akasema. "Sema basi unataka nini."

"Namtaka Mama Herman akae hapa anisikilize."

Kicheko kikafifia. Mama Herman, jina lake Lukresia, mwanamke mfupi aliyejifunga khanga mbili, akaja taratibu, akaketi chini mbele yake.

"Shikamoo, mayu," Evance akasema, akimwita mama kwa Kisukuma chake.

"Marahaba. Sema."

"Magogo yaliyoshikilia duara yalipovunjika hatukufa, mayu. Kifusi kilinibana mguu, yeye kikambana kiuno. Tulikaa gizani muda mrefu, nikawa namtania ili asilale. Akacheka sana. Waliotufukua walisema hewa ilikuwa ndogo, angetulia labda angepona. Mimi ndiye niliyemmalizia hewa. Na aliponyamaza nikaendelea kumtania, nikidhani amenuna. Sijui niliongea na maiti kwa muda gani."

Evance aliinamisha kichwa akingoja kufukuzwa, na moyoni alikuwa amekwisha kujihukumu.

"Aliniita?" mama akauliza.

"Eti?"

"Miaka sita nalala na swali hilo. Mtoto akiwa kwenye shida humwita mama yake. Mwanangu aliniita, nami niko huku nimekaa napepeta mchele wangu?"

Evance akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hakukuita, mayu. Alikuwa anakucheka wewe."

"Mimi?"

"Nilimwambia, siku tukifa, mama yako atafika msibani, atafunua kwanza sufuria aone kama pilau lina nyama, ndipo aulize nani amekufa. Akacheka mpaka akaniomba ninyamaze. Sikumsikia tena baada ya hapo."

Mama Lukresia akajifunika uso kwa khanga. Mabega yakamtikisika, na majirani wakasogea kumshika, wakidhani ni kilio kile cha siku ya maziko. Alipoifunua khanga, uso ulikuwa umelowa machozi, na meno yote nje.

"Mshenzi yule," akasema. "Anafia shimoni ananicheka mimi, mama yake."

Akacheka tena kwa sauti, peke yake, watu wakimtazama. Kisha akapiga magoti, akamtia Evance mikono kwapani kama anyanyuavyo mtoto, akamwinua kutoka kwenye udongo.

"Nyanyuka, mwanangu," akamwambia. "Waache wajenge."