Jicho la Kapteni Bánházy

Maji yalikuwa yakidondoka juu ya jiwe la kunolea, nami nimefika nusu ya makali ya upanga wa kwanza, Kapteni Rezső Bánházy alipoingia karakanani. Pale mjini Kassa, kila maofisa wawili wa kikosi chetu cha farasi walipotaka kupigana, panga zote mbili zililetwa kwangu nizinoe sawasawa. Kapteni huyu nilikuwa nimemnolea mara sita. Kwingine alipigana mara tano, na mara moja, huko Temesvár, aliua.

"Bálint, mzee wangu, bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie, Bwana Kapteni."

Alicheka. "Lete niupime uzito."

Nilimwelekezea mpini. Mkono wake ukapita kando, ukashika hewa. Akageuza shingo kama kuku anayetazama punje, ndipo akaupata.

Niliondoa mguu kwenye kanyagio, jiwe likasimama.

"Jicho la kushoto," nikasema. "Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima."

Hapo nikaelewa. Jumapili iliyopita, mkahawani, Luteni Ödön Kereszty alisimama, akagonga visigino, akamsalimu, na kapteni akapita bila kuitika. Kwetu ofisa aliyenyimwa salamu mbele ya watu ametukanwa. Asipotuma wasimamizi wake wawili kudai pambano kabla ya siku kwisha, baraza la heshima la kikosi humvua cheo. Luteni alituma.

"Hukumwona," nikasema.

"Nilisikia kitu kimegongwa. Nikadhani mhudumu ameangusha sahani."

"Basi waambie hivyo. Mtapeana mikono leo leo."

"Na kesho daktari wa kikosi aniwekee mshumaa mbele ya jicho. Kapteni wa farasi, chongo! Nina miaka arobaini na minane, Bálint. Sina mke, sina shamba. Sijui hata kitunguu hupandwa kichwa juu au kichwa chini."

"Mizizi chini."

"Unaona? Kazi ngumu hiyo."

Kisha akaacha utani. Aliniambia nichukue fimbo, nisimame kushoto kwake, nimpige. Nilimpiga begani polepole, hakukinga. Nikampiga tena. Alipogeuza kichwa aliweza kukinga, ila alichelewa. Tuliendelea mpaka kengele ya chakula cha mchana. Katika mapigo kumi ya mwisho alikinga manne.

"Manne si haba," alisema, akihema. "Usimwambie mtu."

"Simwambii."

Alasiri alikuja luteni. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na masharubu ambayo bado yalikuwa yakijiuliza kama yaote. Alizitazama zile panga, akauliza, "Fundi, kitambaa cha hariri wanachotufunga shingoni, kinazuia kweli?"

"Kinazuia kukwaruzwa."

Nilimhurumia, na nilimhurumia kapteni pia. Niliona kwamba kijana akijua hakutukanwa, hasira zitakwisha, na hasira zikiisha watu hawapigani. Nikamwambia yote.

Alikaa kwenye benchi langu.

"Nani alikwambia nina hasira?" akasema. "Sijalala siku tatu. Namwogopa yule mtu, fundi."

"Basi acha."

"Niwaambie nini wasimamizi? Kwamba mnoa panga kaniambia? Kapteni atakana. Nitakuwa mwoga, na mwongo juu yake. Hizi watazing'oa." Akagusa nyota za kola yake.

Kisha akainuka, akasimama akinitazama.

"Kushoto, umesema?"

"Bwana Luteni..."

"Kushoto kwake. Ambako ni kulia kwangu tukitazamana."

Aliinua mkono wake wa kulia, akaushusha polepole, mara mbili, kama mtoto anayejifunza ishara ya msalaba. Mara ya tatu aliushusha haraka. Alipoondoka alinishukuru, na alishukuru kwa dhati.

Nilivua aproni, nikaenda nyumbani kwa kapteni. Alikuwa mezani na mkate, kitunguu na mafuta ya nguruwe. Nilimweleza, nikiwa nimesimama, kwamba nimemwambia luteni. Nilitegemea matusi. Hakutukana. Aliweka kisu chini.

"Nilikuwa nimekata shauri," akasema. "Anikate kidogo mkononi, damu ionekane, daktari aseme basi. Kila mtu abaki na cheo chake. Kijana mwoga hapigi kwa nguvu."

"Na sasa?"

"Sasa anadhani anajua kitu. Atakuja kwa nguvu zote, mkono juu, kulia kwake." Akafunika jicho lake la kushoto kwa kiganja, ingawa halikuwa na haja ya kufunikwa. "Mtu akija hivyo, Bálint, kifua huwa wazi. Sihitaji kumwona. Nikichoma mbele tu nitampata."

"Usifanye."

"Nisipofanya, ananipasua kichwa. Niambie wewe, nichague lipi?"

Alinisukumia mkate, nikala kipande, kwa kuwa kukataa kungemtia uchungu zaidi.

Niliporudi karakanani, mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kupungua. Nilimalizia makali ya upanga wa kwanza, nikaufuta, nikaupaka mafuta. Wa pili niliuweka juu ya jiwe, nikakanyaga mara moja, jiwe likazunguka, likasimama, nami sikukanyaga tena. Pambano lilikuwa kesho yake, saa moja asubuhi. Niliufunika kwa gunia, nikaona nitaunoa alfajiri.