Simu ya Jikoni

Taa kubwa iliwaka nyekundu saa tano asubuhi, na mashine ipokeayo habari za setilaiti ikachapa kwamba makombora matano yamerushwa kutoka Marekani. Meja Rodion Savelyevich, mkuu wa zamu katika kituo kimoja cha rada kaskazini mwa Urusi, alikuwa na dakika nane za kuwaambia Moscow neno moja: kweli, au si kweli. Akisema kweli, na ya kwao yataruka, wala hakuna wa kuyarudisha.

"Sasa ni saba, Ndugu Meja," akasema Zinaida, msomaji wa mashine.

"Na rada?"

"Haioni kitu. Lakini bado yako mbali, itayaonaje?"

Meja akaitazama taa. Siku za mazoezi, mafundi huweka kanda ya vita vya uongo kwenye mashine ya pili, ile ya mazoezi, na taa hiyo haiwaki. Zamu haiambiwi mapema, hata mkuu wake. Anayeambiwa ni mpishi peke yake, maana siku hiyo hakuna atokaye kwenda kula, na mkubwa wa kituo hataki kuletewa supu iliyopoa.

Akainua simu ya ndani, akaita jikoni.

"Mama Nyura, leo chakula saa ngapi?"

"Njaa gani hiyo, mwanangu! Hata kabichi sijakata."

"Nijibu, mama."

"Nimekatazwa kusema."

"Na nani?"

"Si hao mafundi wako! Haya, saa tisa badala ya saa saba. Usinitaje."

Zinaida alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza. Mahali pale, enzi zile za Wakomunisti, kumwomba Mungu kulikuwa kosa. Meja alimwona, akageukia saa ya ukutani.

Basi leo kuna mazoezi, na kanda ipo. Lakini iko kwenye mashine ipi? Hilo mpishi hakulijua. Zilibaki dakika mbili. Meja akachukua simu ya Moscow.

"Si kweli," akasema, akataja jina lake na cheo chake.

Kisha wakangoja. Kama amekosea, wangejua kabla ya robo saa kwisha. Hakuna aliyekaa. Dakika ya tisa ya kungoja taa ikazimika, na fundi mmoja akaingia mbio, kanda mkononi.

"Ni mimi, Ndugu Meja. Niliiweka kwenye mashine ya vita."

Meja alitaka kumfokea, lakini akaipokea tu ile kanda. Akaketi sakafuni mbele ya watu wake, na hakuna aliyecheka.