Bwana Maporomoko Apanda Mlima wa Theluji

Mume wangu Conrad ni mtaalamu wa maporomoko ya ardhi. Ofisini kwake Kacyiru ana ramani inayoonyesha kila mlima wa nchi hii unaotaka kuanguka. Nilidhani mtu anayejua vizuri hivyo namna vitu vinavyoanguka lazima atajua pia kusimama. Nilikosea.

Mwezi wa kwanza alichaguliwa kwenda Japani, yeye na mwenzake Sangwa, kwa kozi ya siku kumi. Barua ya mwaliko ilikuwa na kurasa sita za udongo, mvua na mitambo ya kupima nyufa. Ukurasa wa saba ulikuwa na mistari miwili tu: kozi ikiisha, wageni watapelekwa siku tatu kwenye milima ya Nagano, na atakayependa atafundishwa kuteleza kwenye theluji kwa ubao. Conrad alisoma ukurasa wa saba.

"Mama Ntare," akaniambia, "wale watu watataka kuona Mnyarwanda kwenye theluji. Siwezi kwenda kuiaibisha nchi."

"Kwani nchi imekutuma kuteleza?"

"Nchi imenituma. Hayo mengine ni utekelezaji."

Utekelezaji ulianzia nyuma ya nyumba yetu, Kagugu, kwenye mteremko wa majani ambao mvua ikinyesha hata mbuzi huuogopa. Alichukua ubao wangu wa kupigia pasi, akaung'oa miguu, akajifunga juu yake kwa mikanda ya sanduku. Jumamosi ya kwanza alikwenda hatua mbili, akakaa chini. Jumamosi ya tatu alishuka mteremko mzima bila kusimama, kwa sababu hakuwa na njia ya kusimama, akaingia kwenye ua wa jirani kwa kichwa. Alirudi na majani masikioni na uso wa bingwa.

"Umeona nilivyokata kona?" akauliza.

Niliona. Niliona pia kwamba kwa wiki tatu tulikuwa tunavaa nguo zenye makunyanzi.

Akaondoka. Kozi ikaisha, na picha za Nagano zikaanza kuingia kwenye simu yangu. Conrad na koti jekundu. Conrad na miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma. Conrad amebeba ubao kwapani kama fundi anayepeleka mlango kwa mteja. Picha kumi na saba, na katika zote amesimama. Chini yake aliandika: "Mlima umenizoea." Mimi si mtaalamu wa chochote, lakini nilijiuliza kwa nini theluji iliyo mbele yake haina hata alama moja.

Aliporudi tuliandaa chakula cha mchana siku ya Jumapili. Mama yake, Mukabalisa, mwenye duka la vitambaa kule Muhima, alifika mapema ili akae karibu na mwanawe. Majirani wakaja, akiwemo yule mwenye ua. Sangwa naye akaja, akala kimya.

Conrad hakunyamaza. Alitueleza jinsi kiti cha kamba kilivyompandisha hadi juu mawinguni, jinsi upepo ulivyomkata mashavu, jinsi mwalimu wake alivyomshika mkono na kumwambia hajawahi kuona mwanafunzi kama yeye.

"Hilo ni kweli," Sangwa akasema. "Alisema hivyo hasa."

Akatoa simu.

"Sangwa," Conrad akasema, "chakula kinapoa."

"Nimeshiba, kaka."

Video ilikuwa ya dakika moja na nusu. Kiti kinafika juu, watu wanashuka, Conrad hashuki. Anakumbuka kushuka kiti kikiwa kimeshageuka. Anaanguka kifudifudi, mtambo mzima unasimamishwa kwa heshima yake. Kisha anaonekana mlimani amekaa, miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao, anashuka kwa makalio, polepole, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake. Watoto waliovaa kofia za njano wanampita, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho anageuka na kumpungia mkono. Mwisho kabisa wanakuja vijana wawili wa uokoaji, wanamlaza kwenye machela ya kuburuta, wanamfunika blanketi mpaka kidevuni.

Jirani mwenye ua alicheka mpaka akatoka nje. Mukabalisa hakucheka. Alivaa miwani yake, akaomba aone tena.

"Hao watoto," akauliza, "wana miaka mingapi?"

"Minne, Mama," Sangwa akasema. "Wengine mitano."

"Mana yanjye, Mungu wangu," akasema Mukabalisa, akavua miwani.

Conrad alikusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia, akaenda nazo jikoni. Nilimfuata. Nilikuwa nimeandaa maneno makali na matamu, ya kutosha wiki nzima. Nikamkuta ameegemea friji, na macho yake hayakuwa ya mtu wa kutaniwa.

"Niliogopa, Mugeni," akasema, akiniita kwa jina langu. "Juu kule niliangalia chini, miguu ikakataa. Siku mbili zilizobaki sikupanda tena."

"Ulikuwa wapi sasa?"

"Jikoni."

Chini ya mlima kulikuwa na mgahawa mdogo wa mama mmoja mzee, Bi Fumiko. Conrad aliingia akichechemea, yule mama akamwekea bakuli la tambi nyeusi za nafaka ya kule kwenye mchuzi wa moto, hakumuuliza lolote. Baada ya tambi ukaja mchuzi wa soya iliyochachushwa, ukaja wali na mboga za majani zilizolowekwa kwenye chumvi. Siku ya pili Conrad alirudi asubuhi, akapewa figili ndefu kama mkono wake azioshe. Akazikata. Akafundishwa kukanda maandazi ya Nagano, yasiyo na sukari, yanayojazwa mboga na kukaushwa juu ya moto. Walielewana kwa vidole. Mtaalamu wetu wa serikali alivuka nusu ya dunia kwenda kuosha figili, na alinisimulia kwa furaha, mikono ikionyesha alivyozikata.

"Kuna kitu kingine," akasema. Akaenda chumbani kufungua sanduku, akarudi na mkebe.

Hapa lazima niseme jambo. Mimi nilizaliwa Bukoba, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Nilikua nikila senene. Katika miaka kumi na moja ya ndoa, mume wangu hajaruhusu mdudu hata mmoja aingie jikoni kwake. Mama yangu akituma mfuko, Conrad anaubeba kwa vidole viwili mpaka kwa jirani.

Nikafungua mkebe. Panzi. Wametulia, wanang'aa, wamepikwa kwa sukari na mchuzi wa soya.

"Umekula hawa?"

"Chakula cha kienyeji cha kule," akasema, kwa adabu zote.

"Umekula wangapi?"

"Mabakuli matatu."

Yale maneno makali niliyokuwa nimeyaandaa yote yalinitoka kichwani. Nikaketi juu ya kreti la soda, nikacheka mpaka nikalia. Naye akaanza kucheka, kwanza kwa kujilinda, halafu kwa moyo wote.

Alitoka na mkebe sebuleni mwenyewe, akawaambia wageni kwamba video ni ya kweli, na kwamba Sangwa amekata sehemu ambapo yeye mwenyewe alikuwa anamlilia mama yake. Mukabalisa akachukua panzi mmoja, akamtafuna huku amefumba macho, akaomba wa pili. Jirani akasema yeye anasubiri senene wetu wa Bukoba.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Conrad mwenyewe aliomba nimpigie mama Bukoba. Akamweleza kwamba mwezi wa kumi na moja, msimu wa senene, tutakuja wote watatu, yeye, mimi na mwanetu Ntare. Kwa miaka kumi na moja, kila tulipoalikwa, kazi ilikuwa nyingi mno ofisini.

Mama akaomba nirudishiwe simu.

"Anajua kunyonyoa mabawa?" akaniuliza.

"Hajui, Mama. Atafundishwa."

"Basi aje. Ila mwambie huku tunafanya kazi tukiwa tumesimama."

Sangwa, kumbe, alikuwa ameshamtumia mama ile video.