Mgeni Asiyengoja Jibu

Mume wangu Stambuli alipokufa, nilifungiwa ndani. Nasema kufungiwa kwa sababu ndivyo nilivyoona, ingawa ustadhi wetu angenisahihisha kwamba eda si kifungo, ni heshima. Sawa. Heshima yangu ilikuwa na chumba kimoja, dirisha moja linalotazama migomba, na miezi minne na siku kumi.

Kwetu ni Kinole, juu milimani, ambako ukungu huingia hadi chumbani asubuhi na hauna haraka ya kutoka. Nyumba imejengwa kwenye shamba la ukoo wa mama yangu, kama desturi ya Waluguru ilivyo, kwa hiyo aliyekuwa mgeni pale ni mama mkwe wangu, Bi Zuleha. Alipanda kutoka Mwembesongo, Morogoro mjini, siku ya mazishi, na watu walipotawanyika, yeye akabaki. Alikataa kuniacha. Alilala nami kitanda kimoja, alinipikia uji, alinifulia nguo zangu nyeupe. Wanawake waliokuja kunipa pole waliniambia nina bahati kupata mkwe kama huyu, na walisema kweli, jambo ambalo lilizidi kunitesa.

Hawakujua nilichokuwa nacho kifuani. Asubuhi ile ya mwisho Stambuli alichukua kanga yangu nzuri akaifutia mnyororo wa pikipiki. Mimi hasira zangu ziko karibu, silifichi hilo. Alikuwa ameshafunga mikungu ya ndizi nyuma, tayari kuteremka sokoni, nikamwambia, "Nenda, na usirudi." Akacheka, akaenda. Kwenye kona ya tatu, penye tope, pikipiki ikamtupa korongoni.

Neno langu alilisikia yeye peke yake, na yeye tumeshamzika. Kila Bi Zuleha aliponiita mwanangu, lilinipanda hadi kooni. Nikilitoa, nitampoteza na yeye. Nikilimeza, litaniua. Hapo ndipo nilipofungiwa kweli. Chumba ningekivumilia.

Siku ya hitima, Mwanaidi, binti wa dada yangu anayesomea uuguzi mjini, alinitazama sana. Kisha akachukua simu yangu, akabonyeza-bonyeza.

"Mama mdogo, nimekuwekea app ya watu wenye msongo wa mawazo," akasema. "Kila siku itakuuliza hali yako, wewe uijibu. Ukizidiwa, nyuma yake kuna watu kabisa, watakupigia."

Akajaza jina langu na namba yangu, akaondoka kabla mvua haijamkuta njiani. Mtandao kwetu hupatikana pembeni mwa dirisha tu, ukiegemeza shavu kwenye nondo. Kesho yake nikaegemea, na maandishi ya kijani yakatokea: *Hujambo Mwaisha? Habari ya leo?*

Nikaandika: *Nzuri.*

Ningeandika nini? Hata kijana aliyeniletea habari ya Stambuli tuliamkiana kwanza. Aliniuliza za hapa, nikasema nzuri. Nikamuuliza za huko, akasema nzuri. Akakaa juu ya kinu, akafuta jasho, ndipo akasema, "Ila Stambuli amepata ajali." Ndivyo watu wanavyoongea. Ukisema nzuri umempa mtu kiti, na maneno yenyewe yanakuja akishakaa.

Mgeni wangu wa kwenye simu hakukaa. *Tumefurahi kusikia hivyo,* akaandika. *Tukutane kesho.* Na pale pa kuandikia pakageuka rangi ya kijivu. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, hapakubali hata herufi moja.

Siku ya pili nikaandika, *Namshukuru Mungu.* Akafurahi, akaondoka. Siku ya tatu nikaandika, *Salama tu,* na hiyo "tu" mtu yeyote mwenye masikio angeishika. Yeye hakuishika. Nikajaribu kuandika *Mbaya.* Nikaitazama nikaifuta. Tangu nizaliwe sijawahi kumjibu mtu hivyo. Ni sawa na kumfukuza mgeni ambaye hata viatu hajavua. Tena huyu ananiuliza kila siku, hajakosa hata mara moja. Nilimwonea aibu, jamani, kimashine kile.

Siku ya thelathini akanitumia picha ya maua. *Hongera Mwaisha. Siku thelathini za hali njema.*

"Anasemaje huyo mgeni wako?" Bi Zuleha akauliza. Alikuwa anachambua mchele mlangoni.

"Anatupongeza, mama."

"Mungu ambariki," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nilitamani kuitupa simu ile kwenye migomba. Sikuitupa. Nilikuwa sina mtu mwingine wa kuniuliza nikiwa peke yangu, na kila siku nilijiambia kesho nitawahi, nitaandika yote kwa pamoja kabla hajafunga. Kesho ikifika, vidole vinatangulia na adabu zao.

Siku ya sabini na tisa ya eda, baada ya adhuhuri, Bi Zuleha aliingia na kitu amekikunja vizuri mikononi. Ilikuwa kanga yangu.

"Nimeikuta nyuma ya banda," akasema. "Nimeisugua kwa majivu, nimeisugua kwa sabuni, mafuta hayajatoka yote. Itunze hivyo hivyo, Mwaisha. Huenda ndiyo nguo ya mwisho aliyoishika mwanangu."

Akaniwekea mapajani. Akajitanda kanga yake, akasema anakwenda dukani mara moja kufuata sukari, akatoka. Mvua ilikuwa imeanza.

Nilitazama lile doa. Lilikuwa na alama ya vidole vya Stambuli, au mimi ndiye niliyedhani naviona. Hapo nikaamua. Sitaeleza nilipanga kufanyaje, haimfai mtu yeyote kujua. Nitasema tu kwamba moyo wangu ulitulia, utulivu ambao leo nikiukumbuka unaniogopesha kuliko kilio chote nilicholia. Niliona mlango mmoja tu katika nyumba nzima.

Simu ikalia ile sauti yake ndogo. *Hujambo Mwaisha? Habari ya leo?*

Nikaruka hadi dirishani. Leo, nikajiambia. Leo nitasema, maana kesho sipo. Vidole vikaandika, vikatuma, kabla sijavuta pumzi: *Nzuri.*

*Tumefurahi kusikia hivyo. Tukutane kesho.*

Nikaifunga, nikaifungua. Kijivu. Nikaifunga tena, nikaifungua. Kijivu. Nilikuwa nalia sasa, nimebana uso kwenye nondo, naifungua na kuifunga kama mtu anayetikisa mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwenyewe. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Mwisho mikono ikachoka. Nikaiweka simu kwenye kizingiti cha dirisha, nikageuka.

Simu ikaita. Namba nisiyoijua. Sijui kwa nini niliipokea. Nadhani ni mazoea vilevile, mtu akikuita unaitika.

"Shikamoo mama," sauti ya msichana ikasema.

"Marahaba."

"Naitwa Brenda. Napiga kutoka Morogoro mjini, kwenye ile app iliyo kwenye simu yako. Habari za huko?"

"Nzuri," nikasema.

Brenda hakusema amefurahi.

"Enhe," akasema.

Nilisubiri aage. Hakuaga. Nilisikia mvua kwenye bati langu, na upande wake nilisikia kiti kikilia, kama mtu aliyekaa vizuri asikilize. Muda ukapita. Mtu mwingine angedhani mtandao umekatika.

"Ila," nikasema. "Ila mwanangu, mimi nimemuua mume wangu kwa mdomo."

Nikamwambia. Kanga, mnyororo, neno, kona ya tatu. Mara kwa mara alisema "enhe," na kila enhe ilivuta kipande kingine. Nilipofika mwisho akauliza, polepole lakini bila kuzungusha, "Mama, unafikiria kujiua?"

Siku sabini na tisa watu wameingia na kutoka, na hakuna aliyeniuliza hivyo.

"Ndiyo," nikasema. "Leo."

"Asante kwa kuniambia. Mimi sikati simu. Naomba ubaki hapo hapo ulipo, mbali na hicho ulichokipanga. Utabaki?"

"Nitabaki. Mtandao wenyewe uko hapa tu."

Akacheka kidogo, nami nikashangaa kusikia pumzi yangu ikitoka.

"Ulijuaje?" nikamuuliza. "Nimeandika nzuri siku zote."

"Mashine imekuwekea kijani, ni kweli. Lakini leo umefungua mara kumi na tisa ndani ya nusu saa. Na mimi nimelelewa na bibi, Gairo. Bibi akisema nzuri, ndiyo kwanza anaanza." Kisha akauliza, "Hapo nyumbani unaishi na nani, mama?"

"Na mama wa marehemu. Ndiye ninayemwogopa."

"Yeye ndiye aliye karibu. Mimi niko mbali, siwezi kukushika mkono. Akirudi, utamwambia hali yako? Hilo neno la asubuhi ile si lazima leo. Hali yako tu."

Nilimwona Bi Zuleha kupitia dirishani, anakuja kati ya migomba, amefunika kifurushi cha sukari kwa upindo wa kanga yake, anatembea kwa uangalifu kwenye tope. Niliogopa kuliko nilivyoogopa nusu saa kabla. Zilibaki siku zaidi ya hamsini ndani ya chumba kile, na nilijua nikifungua mdomo, nitakaa nazo zote pamoja na huyu mwanamke, liwe litakalokuwa.

"Brenda, usikate," nikasema.

"Nipo, mama."

Bi Zuleha akaingia. Maji yalikuwa yanamchuruzika usoni.

"Hodi humu," akasema, kama anavyosema siku zote. "Habari za hapa, mwanangu?"

Simu ilikuwa sikioni, kanga mkononi.

"Mbaya, mama," nikasema.

Hakuuliza mara ya pili. Aliweka sukari chini, akaja dirishani, akanishika mkono.