Pumzi za Mama

Mtaani walimwita Mikwaruzo, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi. Ni mtunzi wa muziki, lakini usimtafute kwenye harusi. Hapigi gitaa, hapigi kinanda, na ukimwomba akuimbie hata wimbo wa kubembeleza mtoto atakuangalia kama umemtukana. Yeye hurekodi. Hurekodi bawaba za mlango, kijiko kwenye kikombe, mtu anayevaa soksi, kisha huingiza vyote kwenye kompyuta, akakatakata, akanyoosha, akageuza nyuma mbele, na mwisho anakuletea kitu ambacho wewe ungedhani friji imeharibika. Wapo wanaokipenda. Ni wachache, lakini wapo, nao hukaa sakafuni na kufumba macho.

Aliyemrekodi kuliko wote ni mama yake. Mwaka mzima, kila Jumapili mchana, alimwekea maiki juu ya meza ya jikoni, mama akichambua mchele au akikunja nguo huku anaongea. Na mama yule alikuwa msemaji kwelikweli. Angeanza na jirani aliyehama, akamalizia na ndoto ya juzi, na hapo katikati ameshawasema watu sita. Lakini Mikwaruzo hakutaka maneno. Maneno, alisema, kila mtu anayo. Yeye alitaka kile kinachokaa kati ya neno na neno: mama anavyovuta pumzi kabla ya kuanza, anavyolamba midomo, anavyomeza mate. Akajitengenezea programu yake mwenyewe, akaiita Mchujo. Kazi yake ilikuwa moja tu: unaingiza mtu anayeongea, inayatupa maneno, inakubakishia pumzi. Wenzake wa fani hiyo walimsifu sana.

Kazi iliyotoka ilichukua dakika arobaini na moja. Siku ya onyesho mama alikuja, amependeza, akaketi mbele kabisa. Taa zikazimwa, baadaye zikawashwa, watu wakapiga makofi. Mama akamgeukia binti yake mkubwa, akamuuliza taratibu, "Sasa muziki unaanza saa ngapi?" Nyumbani walicheka kwa hilo mwezi mzima, na Mikwaruzo mwenyewe ndiye aliyependa kulisimulia.

Miaka miwili ikapita, sauti ya mama ikaanza kukauka. Wakasema mafua, wakasema vumbi, akanywa hiki na kile, hadi daktari alipoingiza kamera kooni na kuitoa akiwa amekunja uso. Ulikuwa uvimbe mbaya. Ungetolewa pamoja na kisanduku chote cha sauti, na mama angepumulia tundu la shingoni. Angeishi, daktari alisema, tena kwa miaka mingi. Ila hangeongea tena.

Pale hospitalini palikuwa na mtaalamu wa usemi, mwanamke mpole mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Aliwaita Mikwaruzo na dada yake ofisini kwake, akawaeleza kwamba siku hizi ipo namna. Mgonjwa anaandika kwenye tableti, tableti inatamka. Na kama familia ina rekodi ya mgonjwa akiongea, maneno yaliyonyooka, hata ya nusu saa tu, programu hujifunza sauti ile na kutamka kama yeye mwenyewe.

"Ila iwe ya zamani," akasema. "Sauti ya sasa imeshaharibika, haitafaa. Mnayo?"

Dada akatoa simu. Alikuwa na jumbe tatu za sauti, jumla sekunde arobaini, mama akikumbusha watu waanue nguo. Mikwaruzo akamshusha mkono.

"Weka hiyo simu," akasema. "Mimi ninayo saa sabini. Maiki ya studio, hakuna hata kelele ya panya."

Jamani, mngemwona alivyosimama. Maisha yake yote ndugu walikuwa wakimuuliza ni lini atafanya kazi ya kueleweka, na leo yeye ndiye mwenye kitu kinachotakiwa. Dada alimkumbatia palepale mbele ya mtaalamu, akajifuta machozi kwenye bega lake. "Kumbe zile takataka zako zina kazi," akasema, na wote watatu wakacheka.

Mama alipoambiwa, sauti yake imebaki mchakacho tu, alimshika mwanawe kidevu. "Basi sina wasiwasi," akasema. Dada alitaka wampigie simu mama yao mdogo aliye mbali, kuuliza kama na yeye ana chochote. Walikuwepo pia binamu waliokuwa na video ya sherehe moja kwenye simu ya zamani, na walikuwa mbioni kuitupa simu hiyo. Mikwaruzo akakataa hayo yote. Ya nini kusumbua watu? Diski ilikuwa kabatini kwake, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: MAMA, GHAFI. Yaani rekodi ambazo hazijaguswa. Hakuona sababu ya kuifungua.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya nne, asubuhi, Mikwaruzo aliingia kwenye chumba chake cha kazi, kile chenye trei za mayai ukuta mzima za kuzuia kelele, akachomeka diski na kumsubiri mtaalamu amtumie anwani ya kupelekea mafaili. Mafaili yalikuwepo, hamsini na moja, kila moja na tarehe ya Jumapili yake. Akafungua la kwanza ili achague mahali pazuri. Akasikia pumzi. Akasikia ulimi ukigusa meno, kisha pumzi tena. Akafungua la pili, akafungua la kumi, akaruka hadi la arobaini. Pumzi, kumeza mate, mchele ukimwagika kwenye ungo, pumzi.

Ilimchukua muda kukumbuka, na alipokumbuka akakaa sakafuni. Jumapili ya kwanza kabisa, ili asijichoshe baadaye, alikuwa ameiunga Mchujo moja kwa moja na maiki. Maneno hayakuwahi kufika kwenye diski. Yalitoka kinywani mwa mama, yakaingia kwenye waya, yakatupwa njiani. Akaandika "ghafi" kwa mkono wake kwa sababu kwake yeye pumzi ndiyo ghafi, na maneno ni uchafu unaoondolewa kwanza, kama mtu anavyoosha mboga. Hakuna mwingine duniani ambaye angekosea hivyo. Mtu wa kawaida, na simu yake ya kawaida yenye kioo kilichopasuka, angekuwa na mama yake mzima.

Siku tatu hakutoka mle ndani. Mchujo haikuwa kamili. Vijineno vifupi viliiponyoka. Akavitafuta kimoja kimoja. Akapata "eh" mia mbili na kumi na mbili. Akapata "na" tisini, "haya" kumi na nne, "si" nyingi tu, na nusu ya neno moja ambalo lingeweza kuwa "kesho". Akajaribu kuviunga. Yule fundi wa kuunga bawaba na soksi alishindwa kuunga neno moja la mama yake. Alipata kitu kilichosikika kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Akakipeleka hivyo hivyo hospitalini, maana hakuwa na kingine.

Mtaalamu alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akavua spika za masikioni na kuziweka mezani.

"Hizi ni pumzi," akasema. "Programu haiwezi kujifunza kitu hapa. Zile nyingine ziko wapi?"

"Hakuna nyingine."

"Zile saa sabini?"

"Ndizo hizi."

Mtaalamu alivaa miwani yake, akaivua tena. Akasema pole, na kwamba zile sekunde arobaini za dada hazitoshi. Akasema zipo sauti zilizo tayari, nne za kike, mgonjwa anaweza kuchagua inayomfaa, na wengi huzizoea. Mikwaruzo aliitikia kwa kichwa kila neno. Simu ya wale binamu ilikuwa imeshatupwa. Aliuliza siku hiyohiyo. Mama mdogo alisema alikuwa na jumbe nyingi za mama, ndefu ndefu, ila alizifuta wiki iliyopita kupata nafasi, kwa kuwa alisikia sauti ya dada yake imehifadhiwa studio.

Dada hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye benchi la nje ya wodi, mkoba mapajani, akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mwaka mzima umemwekea mama maiki puani," akasema, "na huna hata 'habari za asubuhi'."

"Sina."

"Mimi nilikuwa nimeshika simu mkononi. Mkononi, ukanishusha mkono."

"Najua."

"Utamwambia wewe. Mimi sitaweza."

Akanyanyuka, akaenda zake kununua maji, na hakurudi kwa muda mrefu.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, bandeji shingoni na mrija mfupi katikati yake. Tableti ilikuwa kwenye meza ndogo. Walikuwa wamemwekea sauti ya kwanza kati ya zile nne ili afanye mazoezi, sauti ya msichana mchangamfu anayetangaza kama yuko stesheni. Mama alikuwa ameijaribu mara moja, akaandika anataka maji, msichana akatangaza kuwa anataka maji, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Tangu hapo akaisukuma mbali, akarudi kwenye daftari la shule na kalamu. Alikuwa akingoja sauti yake. Alipomwona mwanawe alitabasamu, akaelekeza kidole kwenye tableti, kisha kwake yeye, kisha akanyoosha kiganja, kama mtu anayesema: haya, lete.

Mikwaruzo akavuta kiti. Akamwambia. Hakujitetea, hakutafuta mtu wa kumsingizia, alieleza tu jinsi ilivyokuwa: maiki, waya, Mchujo, diski. Alieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mama alikuwa bado anatabasamu.

Mara ya pili tabasamu liliisha. Mama akavuta daftari karibu. Kisha akachukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyezoea kuongea zaidi ya kuandika.

*Hata ile Jumapili?*

"Jumapili ipi, mama?"

*Niliyokueleza habari ya baba yako.*

Baba yao aliondoka Mikwaruzo akiwa na miaka minne. Alitoka asubuhi kama siku zote na hakurudi, wala barua, wala salamu. Utotoni alimuuliza mama kwa nini, akajibiwa ukikua nitakuambia. Akakua, akauliza tena, akajibiwa siku moja. Mwishowe aliacha kuuliza, akijua mama hataki, na kwamba ataondoka na jambo hilo bila kulisema.

"Mama, hukunieleza," akasema.

Mama akamwangalia kwa mshangao wa kweli. Akaandika haraka, herufi zikipandana.

*Nilikueleza yote. Kwa nini aliondoka, na mimi nilifanya nini. Ulinionyesha dole gumba, niendelee. Nikaendelea.*

Hapo akaikumbuka. Aliikumbuka vizuri mno. Kila Jumapili alikaa upande wa pili wa meza ile amevaa spika zilizofunika masikio yote, na kilichomfikia kupitia spika zile ni kile tu kilichobakizwa na Mchujo. Mdomo wa mama ulikuwa ukienda, kama siku zote. Lakini siku ile pumzi zake zilikuwa za ajabu. Ndefu, zinazotetemeka mwanzoni, zinakatika katikati, kisha kimya, kisha nyingine. Hakuwahi kurekodi kitu kizuri kama kile. Moyo ulimdunda kwa furaha. Aliogopa mama asije akanyamaza, ndiyo maana akamwonyesha dole. Na zile pumzi ndizo alizofungulia onyesho.

"Sikukusikia," akasema. "Nilikuwa nasikiliza pumzi tu. Mama, sikukusikia hata neno."

Mama akashusha daftari mapajani.

"Niandikie sasa. Taratibu, hata mstari mmoja kwa siku. Nitasoma. Nitakuja kila siku."

Mama akashika kalamu juu ya karatasi. Mkono ulianza kwenda, ukasimama. Alijaribu tena, akaandika jina la baba, akalifuta kwa mistari mingi mpaka karatasi ikachanika. Akafungua ukurasa mpya, akaandika polepole, akamgeuzia daftari asome.

*Ilinichukua miaka thelathini kuweza kusema mara moja.*

Alipohakikisha amesoma, akafunika kalamu na kuiweka ndani ya daftari. Kisha akashuka kwenye mito, akalala akielekea ukutani. Mikwaruzo alibaki kwenye kiti kile hadi kengele ya kuwatoa wageni ilipolia, na dada yake akaja kumchukua.